Uwanja wa Matufe wa Kwa Mntangi

Ndugu zangu, leo nawaomba mpande nami mlima. Tunakwenda kijiji kimoja cha baridi, kule ambako mtu huvaa koti hata akienda kuchuma mboga nyuma ya nyumba. Msiniulize kiko wilaya gani. Nimetembea vijiji vingi katika maisha yangu, nimelala nyumba za wageni zenye kunguni wa kila kabila, na kutoka kila kijiji nimechukua kitu kidogo: hapa mteremko, pale ukungu, kwingine mbuzi. Hiki cha leo nimekijenga mwenyewe. Kikivuja, fundi wa kulaumiwa mnamwona mbele yenu.

Katika kijiji hicho aliishi mzee mmoja mchonga vinu. Watu walimwita Fundi, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa. Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na kila kinu kilichotoka kwake kilikaa imara hata ukikiweka juu ya mawe. Shida yake ilikuwa moja tu, na shida hiyo iliishi upande wa pili wa shamba.

Upande huo alikaa mwalimu mstaafu, mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata wale waliotoroka darasani kwake. Kati ya shamba la Fundi na shamba la Mwalimu palikuwa na kipande cha ardhi, upana wake hatua kumi na mbili, urefu wake kama kanisa hili ukijumlisha na ua wake. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Kule milimani mpaka hauwekwi kwa ukuta wala kwa waya. Mpaka ni masale, ile mimea yenye majani marefu membamba. Ukiipanda leo, mjukuu wako ataikuta. Na pale palikuwa na mistari miwili ya masale, mmoja huku, mmoja kule, na kipande katikati. Mzee Hoza, baba yake Fundi, alipanda mmoja. Mzee Mntangi, baba yake Mwalimu, alipanda mwingine. Wote wawili walikwisha kufariki, na hakuna aliyeacha maelezo. Fundi akasema mpaka wa kweli ni masale yaliyo upande wa Mwalimu. Mwalimu akasema mpaka wa kweli ni masale yaliyo upande wa Fundi. Mmewahi kumwona mtu anayeamini mpaka ulio karibu na mlango wake? Mimi sijamwona, na nimezunguka.

Lakini msidhani Fundi aligombania mahali pa kupanda viazi. Viazi alikuwa navyo. Kilichomuuma ni kwamba baba yake, katika siku zake za mwisho, aliitwa mwizi wa mpaka mbele ya watu, na akafa akiwa na jina hilo. Fundi alitaka siku moja mtu mwenye muhuri aandike kwamba mzee Hoza hakuiba. Na upande wa pili wa masale, Mwalimu naye alikuwa na baba aliyeitwa hivyo hivyo, mwaka huo huo, kwenye kikao hicho hicho.

Shauri likafika baraza la kata. Baraza likasema tutachunguza, na mpaka tutakapoamua, mtu yeyote asiingize jembe kati ya mistari hiyo miwili. Basi wakaenda kuchunguza. Ikapita miaka saba.

Miaka saba wazee wale hawakusemeshana. Wakikutana njiani, mmoja aliangalia mawingu, mwingine aliangalia viatu vyake. Kwenye misiba walikaa mikeka tofauti. Na kile kipande, kwa kuwa hakikulimwa, kikaota nyasi. Mbuzi wakazila, zikaota tena, wakazila tena, hadi pakawa tambarare na laini kama zulia la ofisi kubwa.

Matufe yenyewe yalitoka kwenye kosa. Seremala mmoja wa mjini alimwagiza Fundi amchongee vichwa kumi na viwili vya kupamba nguzo za vitanda, vya mviringo, kila kimoja kama chungwa. Ndugu zangu, mchonga vinu hajui kuchonga kitu kidogo. Mkono wake umezoea gogo. Fundi akachonga vichwa kumi na viwili, mviringo safi, laini kama yai, na kila kimoja kikubwa kama balungi. Seremala alipoviona aliuliza kama kitanda hicho ni cha kulaza tembo, akapanda baiskeli yake akaondoka. Matufe yakabaki uani, mvua yao, jua lao.

Mke wa Fundi ndiye aliyeyapatia kazi. Asubuhi moja alimwona mbuzi wa Mwalimu amevuka masale anakula mchicha wake. Akaokota tufe moja, akalivingirisha kumtisha. Mbuzi akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Tufe lenyewe likaendelea mbele, likaingia kwenye zile nyasi fupi, likapita kipande kizima bila kuruka wala kuyumba, likaenda kusimama miguuni pa Mwalimu, aliyekuwa amesimama upande wake akinywa chai.

Mwalimu akalitazama. Hakuweza kumwita Fundi, maana hawakusemeshana. Hakuweza kulipeleka, maana ule ua alikuwa hajaukanyaga miaka saba. Akaweka kikombe chini, akainama, akalivingirisha lirudi lilikotoka. Likasimama hatua mbili tu kutoka pale alipokaa Fundi na patasi yake.

Fundi akaweka patasi chini. Halafu akaokota jingine, akasimama, akalivingirisha kuelekea kile kikombe cha chai. Likasimama shibiri moja kutoka kwenye kikombe. Mwalimu akakitazama kikombe, akalitazama tufe, akavua koti.

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza, bila neno hata moja. Kila jioni, wakitoka shambani, wazee wawili wasiosalimiana walisimama kila mmoja mwisho wake wa kipande, wakivingirishiana matufe kama watu wanaorushiana matusi kwa adabu. Baada ya wiki mbili Fundi alichonga tufe dogo kama yai, la kulenga, ili Mwalimu aache kuhatarisha vikombe vya mke wake. Watu waliokuja kutazama wakaliita kifaranga, kwa jinsi yale makubwa yalivyolikimbilia. Waliotazama wakataka kujaribu. Ukafika msimu wa mahindi mabichi, kipande kile kina watu thelathini kila jioni, wanaume kwa wanawake, na anayeliweka tufe lake karibu zaidi na kifaranga ndiye mshindi. Mngenialika mimi nicheze, tufe langu lingekwenda kumsalimia yule mbuzi. Lakini wao waliweza.

Matatizo yalianza siku matufe mawili yaliposimama karibu sawasawa. Moja la Fundi, moja la Mwalimu.

"La kwangu liko karibu," alisema Fundi. Aliwaambia watu, hakumwambia Mwalimu.

"Mwambieni huyo mzee atafute miwani," alisema Mwalimu, naye akiwaambia watu.

"Mwambieni yeye anayo na bado haoni."

"Mwambieni nimesahihisha madaftari miaka thelathini, kosa nalijua hata likiwa limelala."

Mke wa Fundi alikuwa amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, anamenya maharage. Akainuka na bakuli lake.

"Ninyi wazee mmeshindwa kupima shamba miaka saba," alisema, "leo mtapima matufe? Kuanzia sasa hakuna mtu kupima la kwake. Kila mtu ampimie mwenzake."

"Nimpimie huyu?" Fundi aliuliza.

"Umpimie huyo. Naye akupimie wewe. Na kamba zikipishana chini ya upana wa kidole gumba, nitapima upya mimi mwenyewe."

Hakuna aliyebisha. Mwanamke yule hakuwahi kumpunguzia mtu kitu, hata mumewe, hasa mumewe. Basi ikawa sheria. Unachukua uzi wa mgomba, ule mkavu, unaulaza kutoka ubavu wa tufe la mwenzako hadi kwenye kifaranga, unaukata kwa kisu. Mwenzako anafanya vivyo hivyo kwa la kwako. Mke wa Fundi anazishika kamba mbili pamoja, anaziinua juu, na iliyo fupi ndiyo imeshinda.

Na ajabu ni kwamba sheria ile ilifanya kazi. Watu waliokuwa wakipimana kwa macho na kugombana hadi giza, sasa walipiga magoti kwenye tufe la mwenzao kwa uangalifu kama wanafunga kitovu cha mtoto mchanga. Sijui kwa nini. Labda mtu akikabidhiwa haki ya mwenzake mkononi, anaona uzito wake. Labda pia alikuwa anajua kwamba zamu inayofuata mwenzake atashika ya kwake, na kisu.

Sasa siku moja akaja afisa maendeleo wa kata, dada mmoja mwenye pikipiki na fomu. Alisema kuna michezo ya tarafa siku ya Nane Nane, na kijiji kile kinaweza kupeleka timu yake, mradi klabu iandikishwe. Akachukua kalamu.

"Jina la klabu?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria jina. Walikuwa wanasema tu, tunakwenda matufeni.

"Mimi nahitaji jina la mahali," alisema yule dada. "Nitarudi Jumamosi."

Ndugu zangu, mngekuwa watu wa kijiji kile mngeelewa kwa nini Fundi hakula siku hiyo. Kule mahali huitwa kwa jina la mwenyewe. Ukisema Kwa fulani, umesema ardhi ni ya fulani, ilikuwa ya baba yake, itakuwa ya watoto wake. Jina likiandikwa kwenye karatasi ya serikali, muhuri ukagongwa juu yake, nani tena atauliza habari za masale? Baraza lingesoma jina, lingefunga faili, lingekwenda kunywa chai.

Fundi akasema iandikwe Kwa Hoza. Mwalimu akasema iandikwe Kwa Mntangi. Na klabu nzima, watu waliokuwa wakicheza pamoja msimu mzima, wakasimama kila mtu kwenye masale ya upande wake. Mwingine alianza hata kugawa matufe.

"Wacheze," alisema mke wa Fundi. "Atakayeshinda ataje jina. Atakayeshindwa akae kimya maisha yake yote, maana kukaa kimya wote wawili wanajua."

Jumamosi ikafika, na yule dada na fomu yake. Fundi na Mwalimu wakacheza raundi tisa. Sitawasimulia zote, mna njaa. Baada ya raundi ya tisa walikuwa sawa, na raundi ya kumi ikamalizika hivi: kifaranga kimekaa katikati ya kipande, tufe la Fundi kulia kwake, tufe la Mwalimu kushoto, na hakuna mtu katika kijiji kizima aliyeweza kusema kwa macho lipi liko karibu.

"Pimianeni," alisema mke wa Fundi.

Fundi alianza. Akapiga magoti kwenye tufe la Mwalimu, uzi wa mgomba mkononi, kisu mdomoni. Watu walikuwa nyuma yake, wanaona mgongo wa koti tu. Mwalimu alikuwa amesimama mbele, ng'ambo ya kifaranga, anafuta miwani kwa ncha ya shati. Na macho ya Fundi, macho yale yaliyozoea kupima tumbo la kinu bila rula, yalimwambia ukweli kabla uzi haujanyooka. Tufe la Mwalimu lilikuwa karibu zaidi. Kwa upana wa ukucha.

Ukucha mmoja. Alimfikiria baba yake. Aliiona ile siku ya kikao, mzee amekaa kwenye benchi, kofia mapajani, watu wanamwita mwizi, naye anaitazama ile kofia kana kwamba majibu yameandikwa ndani yake. Na Fundi, mtu ambaye hakuwahi kuuza kinu chenye ufa, akasogeza kidole. Badala ya kuanzia kamba kwenye ubavu wa tufe, akaianzia nyuma kidogo, upana wa kucha mbili. Akaivuta hadi kwenye kifaranga. Akakata.

Na kamba ilipokwisha kukatwa, ndipo akakumbuka kidole gumba.

Mnaiona hesabu yake? Kamba ya Mwalimu ilikuwa imekuwa ndefu kuliko yake kwa ukucha mmoja tu. Ukucha mmoja ni chini ya kidole gumba. Mke wake atapima upya. Atapiga magoti pale pale mbele ya watu wote, atalaza uzi mpya, na kamba ya mumewe itaonekana imezidi. Kila mtu atajua. Na uzi uliokatwa haurefuki, wala haufupiki mke wako akiwa amekwisha nyoosha mkono kuupokea.

Fundi akasimama. Akampa mkewe ile kamba, akajisogeza pembeni, akangoja aibu yake kama mtu anayengoja gari ambalo amekwisha lisikia kwenye kona.

Ikawa zamu ya Mwalimu, miwani tayari iko machoni. Akapiga magoti kwenye tufe la Fundi, akalaza uzi taratibu, akakata, akainuka akijishika kiuno, akamkabidhi mke wa Fundi kamba yake. Yule mama akazishika zote mbili juu, akazining'iniza mbele ya watu.

Kamba aliyoikata Mwalimu ilikuwa fupi. Si kwa ukucha. Kwa vidole gumba viwili kamili.

"Fundi ameshinda," alisema mkewe. "Hakuna cha kupima upya."

Watu wa upande wa Hoza wakaruka, wakaingia uwanjani, wakayapiga matufe teke bila kujua wanakanyaga nini. Mtu akamshika Fundi bega. "Taja jina, mzee." Yule dada akaweka fomu juu ya kinu, kalamu tayari.

Fundi alifungua mdomo aseme Kwa Hoza. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, lilikuwa limekaa pale miaka saba. Lakini macho yake yalikuwa kwenye zile kamba mbili mkononi mwa mkewe. Alijua umbali wa tufe lake mwenyewe, alikuwa ameuona. Vidole gumba viwili haviwezi kupotea kwenye uzi kwa bahati mbaya. Si kwa mkono wa mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini.

"Kwa Mntangi," alisema.

Mama mmoja akapiga kigelegele, na watu wakaanza kupiga makofi. Walisema, huyo ndiye mzee. Walisema, ameshinda na bado amempa mwenzake. Wale wa upande wa pili walikuja kumshika mkono, mmoja alikuwa na machozi.

Hapa, ndugu zangu, Fundi angeweza kunyamaza. Tusidanganyane, mimi ningenyamaza. Ningeinamisha kichwa hivi, kwa unyenyekevu, ningesema si mimi ni neema, na ningekula makofi yale hadi jioni. Nani angejua? Uzi wa mgomba hausemi. Lakini kila kofi lilimwingia kama mwiba, maana alikuwa anasifiwa kwa kutoa kitu alichokuwa amekiiba.

"Nyamazeni," alisema. "Msinipigie makofi. Nimeweka kucha mbili kwenye kamba yake. Tufe lake ndilo lililokuwa karibu. Sijampa kitu, nimemrudishia."

Mkewe alimtazama. Alitaka kwenda kupima upya, lakini matufe yalikuwa yamekwisha pigwa teke, moja liko kwenye masale, jingine hata halionekani.

Kisha Fundi akageuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba akamsemesha Mwalimu bila kupitia kwa watu.

"Na wewe. Mbona ya kwangu umeikata fupi?"

"Niliona kidole chako," alisema Mwalimu.

"Uliniona?"

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kufuta miwani."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Ningesema, au ningekata sawasawa, mama hapa angepima upya. Ungeaibika mbele ya wote hawa. Na wewe nakufahamu, ukishaaibika hutoki nje tena." Akaitazama ile ardhi, masale ya huku na masale ya kule. "Fundi, mimi nimekuwa na haki miaka saba. Haki yenyewe haijawahi kucheza nami hata jioni moja. Kesho ningecheza na nani?"

Yule dada, ambaye bado alikuwa na fomu mbili za vijiji vingine, aliuliza kwa upole aandike nini. Mwalimu akasema kama ni hivyo basi iandikwe Kwa Hoza. Fundi akasema, "Umeshinda, kaa kimya," na akamshika dada yule mkono kabisa hadi kalamu iliposhuka. Na ndivyo ilivyoandikwa: Klabu ya Matufe ya Kwa Mntangi. Aliyetaja jina ni mwana wa Hoza.

Sasa nisikilizeni. Najua yuko mtu hapa, na namjua kwa jina, ambaye ataningoja mlangoni aniambie, mchungaji, lakini hata Mwalimu alidanganya kipimo. Ndiyo, nimeliona. Sikuwa nimesinzia wakati nautunga mfano huu. Lakini tazameni visu viwili. Mmoja alikata kamba ili ajiongezee. Mwingine akakata kamba ili ajipunguzie, na aliyejipunguzia ndiye aliyekuwa anaona kila kitu.

Ile kamba inapima nini? Inapima mtu ameanguka mbali kiasi gani na pale alipotakiwa kufika. Na sisi, ndugu zangu, kila siku tunapewa kamba za wenzetu. Dada yako amekosea: ni umbali gani? Jirani amesema neno: ni umbali gani? Kijana wako amerudi nyumbani na habari ambayo hukutaka kuisikia: mpime, unayo kamba, unacho kisu. Na vidole vyetu tunavijua. Tunaianzia nyuma kidogo. Kucha mbili tu. Tunaongeza kosa la juzi, tunaongeza la baba yake, tunavuta, tunakata, halafu tunawaonyesha watu: mnaona alivyo mbali? Na kwa kuwa walioko nyuma yetu wanaona mgongo wa koti tu, tunadhani hatujaonekana.

Tumeonekana. Yuko mbele yetu, anatazama vidole vyetu, na kamba yetu iko mkononi mwake. Angetaka kukata sawasawa, nani kati yetu angebaki amesimama? Wewe? Mimi mnayenilisha kuku kila Jumapili? Alituona tukiiba, akapiga magoti kwenye tufe letu, akakata fupi, kwa hasara yake mwenyewe. Alifanya hivyo kwa sababu anatutaka turudi kesho. Wala hakufanya hivyo kwa kuwa hajui hesabu.

Basi sitaki mniambie mahubiri yalikuwa mazuri. Yupo mtu ambaye umeishika kamba yake tangu mwaka juzi, umeikunja vizuri umeiweka mfukoni, na kila ukikutana naye unaangalia mawingu. Unamjua. Ukitoka hapa utapita karibu na nyumba yake. Ingia. Usiende kumwambia umemsamehe, utamkera. Mwambie ulipompima, kidole chako hakikuwa mahali pake.